Ajali ya mgodini ina kinga

Msiba wa mchimbaji huku kwetu Buha huanza na simu. Namba ngeni inaita usiku, kijana wa upande wa pili anauliza kama hapo ni nyumbani kwa fulani, anasita, kisha anaomba aongee na mtu mzima. Siku mbili baadaye gari linapita Nyakanazi, linapita Kakonko, linaishia Kibondo au linaendelea hadi Kasulu. Jeneza limepigiliwa misumari na wazee wananong'onezwa kwamba lisifunguliwe. Maharage yanachemka kwenye masufuria ya msiba, kina mama wamejaa kwenye mikeka, na msemaji wa familia anasimama kutoa neno. Atakachosema nakijua kabla hajafungua kinywa: "Ndugu zangu, ajali haina kinga. Kazi ya Mungu haina makosa."

Nimekaa kwenye misiba hiyo, nimeitikia amina pamoja na wengine, nimeshika koleo nikafukia, nikanawa mikono nikarudi nyumbani. Sitaitikia tena.

Duara la mgodi, shimo lenye tundu moja, halikuchimbwa na Mungu. Mungu hakuagiza kijana wa miaka 20 ateremshwe kwa kamba katikati ya mwamba uliolowa mvua, bila matimba ya kushikilia kuta, bila hewa ya kutosha, bila mtu huko juu anayejua wameingia wangapi. Kuna binadamu aliyeamua hivyo. Kuna binadamu aliyepiga hesabu ya bei ya magogo akaona ni ghali kuliko mtoto wa mtu wa Kibondo. Kumsingizia Mungu uamuzi huo ni kufuru. Na kusema marehemu alikuwa na bahati mbaya ni kumfukia mara ya pili.

Ajali ya mgodini ina kinga. Kinga hiyo inajulikana, imeandikwa, na dunia imeilipia kwa maelfu ya maiti kabla baba zetu hawajazaliwa. Tunachokosa sisi ni mtu wa kulazimisha itumike.

Kwanza tukumbushane tulikotoka. Milima hii ilifanywa ghala la vibarua tangu enzi za mkoloni. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda ofisi yao ya kuandikisha watu, SILABU, na Buha ikawa kisima chao kikubwa. Wanaume wa Kasulu na Kibondo walipakiwa kwenye treni ya Reli ya Kati wakaenda kukata mkonge Tanga na kwingineko. Waliitwa manamba kwa sababu kila mmoja alipewa namba yake. Ilikuwa fedheha, na wazee waliopita huko waliisimulia kama fedheha. Mtu alikuwa namba kwenye daftari la mzungu.

Leo wajukuu wa manamba hawaendi Tanga. Wanapanda basi alfajiri, wanashuka Runzewe, Katoro au Kahama, wanaulizia palipotokea rashi mpya. Mkonge umegeuka dhahabu. Kijana anapokelewa na mtu asiyemjua, anaonyeshwa duara, anaambiwa atalipwa kwa mgawo wa mifuko ya mawe ikiwa mawe yatapatikana. Mkataba hakuna. Jina lake la ukoo hakuna anayelijua. Anaitwa "Mwaha" au "Kigoma", basi. Babu yake alipewa namba akaona ameonewa. Mjukuu anateremka chini ya ardhi bila hata namba.

Ndiyo maana simu ya msiba inapopigwa, mpigaji huuliza kama hapo ni nyumbani kwa fulani. Haulizi kwa adabu. Anauliza kwa sababu hakuna kitabu chochote kinachomwambia.

Sasa tuhesabu vifo, na tutaje chanzo cha kila kimoja.

Mererani, 1998: mvua za El Niño zinajaza mashimo ya tanzanaiti, makumi ya wanaapolo, wachimbaji wa huko, wanakufa maji. Mererani, Juni 2002: hewa inakatika chini, karibu watu 40 wanakosa pumzi. Mererani tena, Machi 2008: mvua ya usiku mmoja, maji yanaingia kwenye mashimo kama miaka kumi iliyopita, na zaidi ya watu 60 wanakufa. Someni tena tarehe hizo. Kati ya 1998 na 2008 ilipita miaka kumi ambayo ingetosha kuchimba mifereji na kujenga kingo za kuzuia maji yasiingie kwenye matundu.

Ng'alita, Bariadi, Januari 2024: ukuta unaporomoka kwenye eneo ambalo shughuli zilikuwa zimezuiwa kwa sababu ya mvua, watu 22 wanakufa. Nyandolwa, Shinyanga, Agosti 11, 2025: duara linatitia na kufukia watu 25. Wachache wakatolewa wakiwa hai. Wengine walitolewa maiti mmoja baada ya mwingine, huku ndugu wakiwa wamekaa kando ya kifusi wakisubiri.

Maji, hewa, ukuta. Vifo vyote nilivyovitaja vimetokana na hayo matatu. Hakuna hata kimoja kilicholetwa na kitu kisichojulikana. Na msiba huu hauishii mpakani. Ndugu zetu wa kambi ya Nyarugusu, waliopokelewa hapa Kasulu tangu 1996 wakikimbia vita Kongo, wanaujua vizuri: Septemba 2020 mvua kubwa iliangusha migodi ya dhahabu ya Kamituga, Kivu Kusini, na watu wapatao 50 wakabaki chini.

Wako watakaosema migodi ndivyo ilivyo, popote duniani watu hufa. Hao nawapeleka kwenye makaa ya mawe, maana hakuna madini yaliyoua watu wengi kama hayo, na hakuna yaliyofundisha mengi kama hayo.

Januari 16, 1862, kwenye mgodi wa Hartley kaskazini mwa Uingereza, mhimili mkubwa wa mashine ya kuvuta maji ulikatika ukaangukia ndani ya tundu la mgodi. Tundu lilikuwa hilo moja tu. Wanaume na wavulana 204 wakafa. Karibu wote hawakupondwa na jiwe. Walikufa kwa hewa chafu wakisubiri njia ifunguliwe, na njia nyingine haikuwapo. Mwaka huohuo bunge la Uingereza lilipitisha sheria: mgodi uwe na njia mbili za kutokea. Hiyo ni 1862. Mjerumani alikuwa hajakanyaga Kigoma. Reli ya Kati ilikuwa haijawazwa. Na leo, zaidi ya miaka 160 baadaye, nenda kwenye rashi yoyote ya kanda ya ziwa uhesabu maduara yenye tundu moja.

Machi 10, 1906, Courrières, Ufaransa: moto ulipita kwenye vumbi la makaa ukaua watu 1,099. Siku 20 baadaye, watu wakiwa wamekwisha kukata tamaa, wanaume 13 walitokeza wakiwa hai. Kuanzia hapo nchi nyingi zaidi za Ulaya zilielewa kwamba kikosi cha uokoaji hakiundwi siku ya msiba. Kinaundwa kabla, kinapewa vifaa vya kupumulia, kinafanya mazoezi, kinakaa karibu na mgodi.

Januari 21, 1960, Coalbrook, Afrika Kusini. Huu ni msiba wetu Waafrika, na haufundishwi shuleni. Mkaa wa mawe ulipochimbwa ziliachwa nguzo za mkaa kushikilia paa la mgodi. Tamaa ikaingia, nguzo zikapunguzwa. Mwishoni mwa Desemba 1959 sehemu moja ikaanguka, mkaguzi wa serikali hakuambiwa, kazi ikaendelea. Wiki tatu baadaye mamia ya nguzo yalivunjika kwa pamoja. Watu 435 walikufa, karibu wote vibarua Weusi waliotoka mbali kama walivyotoka manamba wetu, na miili yao imo humo hadi leo. Msiba huo ndio uliowafanya wataalamu wakae chini wakatafuta kanuni ya kupima ukubwa wa nguzo unaotosha kubeba mwamba. Miaka 12 baadaye, Juni 6, 1972, mgodi wa makaa wa Wankie, Zimbabwe ya leo, ulilipuka ukaua zaidi ya watu 420, na wengi wao hawakutolewa.

Kila kanuni ya usalama mgodini ina kaburi lake. Sisi tumerithi kanuni bure, bila kuzilipia, halafu tumeamua kuzilipia upya kwa watoto wetu.

Na kwa anayedhani kanuni hazibadilishi kitu, atazame China. Mwaka 2002 migodi yao ya makaa iliua zaidi ya watu 6,900. Mwaka 2018 iliua 333. Hawakuacha kuchimba, walikuwa wakichimba makaa mengi kuliko mwanzo. Mwamba ni uleule, wachimbaji ni maskini walewale waliotoka vijijini. Walichofanya ni kufunga mashimo ya hatari kwa maelfu, kusimamia yaliyobaki, na kuwafikisha mahakamani wenye migodi na hata maofisa waliofumba macho. Kama ajali haina kinga, watu hao zaidi ya 6,500 kwa mwaka walikingwa na nini?

Najua kwetu yataletwa majibu mawili.

La kwanza: mchimbaji mdogo hana fedha, mkimbana mtamfungia riziki. Nani amesema mchimbaji ndiye alipe? Duara lina mwenyewe, na eneo lina mwenye leseni. Mwenye leseni anachukua asilimia yake ya mifuko kabla kijana hajajua kama atakula. Mwenye karasha la kusaga mawe anachukua chake. Mnunuzi anachukua chake. Wote hao wana fedha ya kuchukua, ila ikifika zamu ya kununua magogo, kofia na kipuliza hewa, ghafla sekta nzima inakuwa ya wanyonge. Kuunganisha maduara mawili jirani ili kila moja liwe mlango wa mwenzake kunahitaji makubaliano kuliko fedha. Na daftari la kuandika majina, bei yake haifiki nauli ya kutoka Kasulu kwenda Kibondo.

La pili: vijana wenyewe ni wakaidi, wanakatazwa wanaingia. Kweli wanaingia. Kijana ambaye hajala tangu jana, ambaye amekopa nauli, ambaye mama yake anasubiri fedha ya mbolea kabla mvua za vuli hazijaanza, akiona shimo lisilo na mlinzi ataingia. Katazo lisilo na mlinzi ni karatasi. Kama serikali ya kijiji inaweza kuweka mgambo kulinda kizuizi cha ushuru wa mazao, inaweza kuweka mgambo kulinda shimo linaloua.

Nakiri mema yapo. Januari 2017 watu 15 walinaswa chini kwenye mgodi wa Nyarugusu ule wa Geita. Serikali na kampuni kubwa ya jirani wakaleta mitambo, bomba likapitishwa hadi walipo, chakula na maji vikateremshwa, na baada ya siku chache wote 15 wakatoka hai. Nchi nzima ilishangilia. Mimi nilishangilia, kisha nikajiuliza: kumbe tunaweza? Kwa nini basi Oktoba 2015 kule Nyangalata, Kahama, wanaume walikaa chini siku 41 wakila mizizi, mende na vyura, mmoja wao akafia humo, huku juu watu wakiwa wameshahitimisha kwamba hakuna aliye hai? Tofauti ya Geita na Nyangalata haikuwa mwamba. Ni kwamba upande mmoja kulikuwa na mitambo jirani na watu walioamini kwamba waliomo ndani bado ni watu.

Sheria nazo tunazo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi tunayo tangu 2003. Sheria ya Madini na kanuni zake za usalama tunazo tangu 2010. Tuna Tume ya Madini, tuna Maafisa Madini Wakazi mikoani. Tuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulioanza kazi 2015. Lakini mfuko huo unamlipa aliyeajiriwa na kuchangiwa, na kijana wa mgawo wa mawe, asiye na mwajiri kwenye karatasi, mjane wake ataufikiaje?

Tangu 2019 tuna masoko ya madini. Dhahabu ya mchimbaji mdogo inaingia pale, inapimwa kwa mizani, inaandikwa gramu kwa gramu, mrabaha unakatwa, risiti inatolewa. Nampongeza aliyebuni hilo, maana lilifunga mianya mingi. Lakini tazameni linavyotuhukumu. Serikali inayoweza kuifuata gramu moja ya dhahabu kutoka shimoni hadi sokoni haiwezi kusema siku ya maafa ni watu wangapi walikuwa ndani ya shimo. Gramu ina risiti. Mtoto wa Kibondo hana.

Tena sijazungumzia wanaorudi na miguu yao. Kijana anarudi Kasulu baada ya miaka kumi, kifua kinabana, anakohoa, anapewa dawa za kifua kikuu, anapona nusu, anakohoa tena. Vumbi la mawe lililosagwa kwenye karasha limekaa kwenye mapafu na haliondoki. Afrika Kusini wachimbaji wenye ugonjwa huo na wajane wao walikwenda mahakamani, na mwaka 2019 makubaliano ya fidia ya randi bilioni 5 yakaidhinishwa. Kwetu mgonjwa kama huyo anaambiwa amerogwa na waliomwonea wivu kwa fedha za dhahabu.

Basi nadai, na nadai kwa sauti, mambo matano.

Kila duara liwe na daftari juu ya shimo: jina kamili, kijiji, namba ya simu ya ndugu, saa ya kuingia, saa ya kutoka. Duara lisilo na daftari lifungwe siku hiyohiyo.

Duara lisilo na njia ya pili ya kutokea lisichimbwe kupita kina ambacho mkaguzi amekiandika na kukitia saini yake. Saini ni muhimu, ili siku ya jeneza tujue tumfuate nani.

Wakati wa mvua kubwa mashimo ya hatari yafungwe na yalindwe na watu, usiku na mchana. Tangazo peke yake halimzuii mwenye njaa.

Kila mkoa wa machimbo uwe na kikosi cha uokoaji chenye mitambo ya kuchoronga, vipuliza hewa na watu waliofunzwa, kilicho tayari kabla ya msiba. Tusisubiri huruma ya kampuni iliyo jirani.

Na baada ya kila maafa ripoti ya uchunguzi isomwe hadharani, kwa Kiswahili, ikimtaja mwenye leseni, mwenye duara na ofisa aliyekagua mara ya mwisho. Watu 22 wakifa, rambirambi na mchango wa sanda havitoshi. Mahakama ipo kwa ajili gani?

Waheshimiwa wabunge wa Kigoma, mnasimama bungeni kudai barabara, na barabara ya lami imekuja, tunashukuru. Lakini barabara hiyohiyo ndiyo inayorudisha majeneza. Daini uhai wa wanaopita juu yake.

Wenye leseni mlio waumini, mnaokaa safu ya mbele siku ya ibada na kutoa sadaka kubwa: fedha ya magogo mliyobana ndiyo hiyo mliyoiweka kwenye kikapu. Mnajua.

Nanyi wazazi wa Kasulu na Kibondo, ndugu zangu, nina neno kwenu. Mtoto akiaga kwamba anakwenda machimboni, msimpe baraka tu. Mwambieni kabla hajateremka aulize matundu ni mangapi, matimba yako wapi, jina lake linaandikwa wapi. Na akikosa jibu, arudi, nauli tutachanga. Na siku gari lile likiingia tena kijijini, akasimama msemaji akasema ajali haina kinga, asimame mzee mmoja, mmoja tu, amwambie aketi. Kisha amgeukie aliyeleta jeneza amuulize mbele ya watu wote: nani mwenye duara, nani mwenye leseni, na nani alikagua?

Tusizike kabla hajajibu.